Shajara ya mradi: kutafuta mtaa wa nyumba yetu ya kwanza

4 Oktoba: tunapoanzia

Tumepanga miaka tisa. Sasa tuko wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miaka miwili. Nyumba yenyewe tutaichagua mwishoni. Kinachotafutwa kwanza ni mtaa, maana ukuta unaweza kuuvunja ukaujenga upya, lakini mto na reli utavikuta na utaviacha palepale.

Fedha zote humu nimeziandika kwa kipimo kimoja: mapato yetu sote wawili ya mwezi, baada ya makato, ni 100. Nikisema kodi yetu ni 17, ni asilimia 17 ya mwezi. Nyumba ya 3,000 ni mapato ya miezi 30. Atakayetaka kuiga aweke tarakimu zake.

Akiba tuliyo nayo ni 800. Benki imetuambia tunaweza kurejesha 40 kwa mwezi, kwa riba ya asilimia 8 inayobadilika, miaka 20. Mume wangu alitoka pale anatembea kama mtu aliyekwisha kabidhiwa funguo. Mimi nilitaka kwanza tujaribu. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu tunaishi kana kwamba tumeshanunua: kodi 17 inalipwa kama kawaida, na 23 inayobaki inaingia akaunti ya pembeni siku ileile ya mshahara. Miezi mitatu.

11 Januari: arobaini ya benki imetushinda

Oktoba tuliweka 23 na haikuguswa. Novemba tuliweka 23, mdogo akaugua, ada ikaangukia wiki hiyohiyo, tukachomoa 21. Desemba tulichomoa 15. Kilichosalia kwa miezi mitatu ni 33, yaani 11 kwa mwezi. Ukijumlisha na kodi, uwezo wetu halisi ni 28.

Hili ndilo zoezi ningemshauri mtu alifanye kabla ya kutazama hata picha moja ya nyumba. Benki inapima kama utalipa. Haipimi kama utalipa bila kukopa kwa dada yako kila tarehe 20.

Hesabu ya kurudi nyuma kutoka 28. Kwa riba ya asilimia 8 na miaka 20, kila 100 unayokopa unairejesha kwa 0.84 kwa mwezi. Riba ikipanda hadi asilimia 10, inakuwa 0.97, nyongeza ya zaidi ya asilimia 15 kwenye marejesho. Na kwa kuwa mkopo wetu ni wa riba inayobadilika, tumepiga hesabu kwa 10 ingawa leo ni 8. Tunapata mkopo wa takriban 2,900. Jambo jingine lililomnyamazisha mume wangu: katika rejesho la kwanza kabisa, karibu asilimia 80 ni riba tupu. Na tukimaliza miaka 20 kwa asilimia 8, tutakuwa tumelipa mara mbili ya tulichokopa.

Akiba tumeigawa hivi: 350 malipo ya awali, 250 ushuru, mwanasheria, ukaguzi na kuhama, 200 haiguswi hata nyumba iwe nzuri vipi. Ukomo wa bei: 3,250.

Gharama hadi leo: sifuri, na Desemba moja ya kununa.

26 Januari: miduara kwenye ramani, kosa la kwanza

Nilichukua ramani, nikaweka ncha ya bikari kwenye ofisi yangu, nikazungusha duara la kilomita 15. Nikafanya hivyo kwenye karakana anayofanyia kazi mume wangu. Panapokutana miduara ndipo tutakapotafuta. Ilipendeza sana mezani.

Jumamosi tulikwenda kuona kitongoji kilichokuwa katikati kabisa ya makutano hayo, kilomita 11 tu kutoka kazini kwangu. Jumatatu nikarudi huko saa 11 alfajiri ili niondoke nao kama mkazi. Kuna mto, na daraja ni moja. Dakika 85. Wakati huohuo mfanyakazi mwenzangu anayekaa kilomita 24, kando ya njia ya reli, anafika kwa dakika 44 na amekaa kwenye kiti.

Ramani imetupwa, duara limebadilishwa kuwa saa. Utaratibu wa sasa: kila mtaa tunaufanyia safari tano za asubuhi, mlango hadi mlango, siku za kazi. Tunaandika iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu bosi hakumbuki wastani. Ukomo tuliojiwekea ni dakika 50 kwa upande. Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji mbalimbali wamekuwa wakitumia kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Sisi tumejiongezea kidogo kwa shida zetu.

Ili kuona kwa nini nang'ang'ania dakika: tofauti ya dakika 35 kwa upande, siku 22 za kazi, ni karibu saa 26 kwa mwezi. Ni zaidi ya siku tatu za kazi, bila malipo, umesimama.

Gharama: nauli 4, siku mbili za likizo.

16 Februari: mitaa sita na swali moja

Tumebakiwa na mitaa sita ambayo bei zake ziko ndani ya ukomo wetu. Majina ni vibandiko vyangu, usiyatafute kwenye ramani: Ng'ambo ya Mto, Bondeni, Mwisho wa Lami, Mji Mpya, Karakana za Zamani, Relini.

Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Mtaa upi ni nafuu?" Swali hilo limejijibu, yote sita ni nafuu. Sasa daftari lina safu moja mpya upande wa kulia: *unafuu umetoka wapi?* Nyumba ya vyumba vitatu haiuzwi kwa robo tatu ya bei ya mtaa wa pili kwa sababu wauzaji ni wakarimu. Kuna kitu kinalipia ile robo. Kazi yetu ni kukijua kabla ya kukinunua, kisha kujiuliza kama kinatuumiza sisi au kinamuumiza mtu mwingine mwenye mahitaji tofauti na yetu.

Ng'ambo ya Mto umeshajibu: daraja. Umefutwa.

15 Machi: Bondeni, tulipoteza pesa

Huu nitaueleza kwa urefu kwa sababu ulitugharimu, na kwa sababu nilikuwa nimeshaupenda.

Tulikwenda mara mbili, zote Jumamosi, zote jua kali. Dakika 38 hadi kazini. Shule ya msingi inaonekana kwa dirisha. Nyumba ya 2,850, ua wenye kivuli, mlango mpya, rangi mpya. Dalali akasema mwenye nyumba anasafiri, kuna watu wengine wawili wanaitaka. Tukalipa mkaguzi wa majengo 12 aje haraka.

Mkaguzi alitumia dakika chache darini na muda mwingi chini. Aliporudi aliniuliza: "Mama, umetazama swichi?" Sikuwa nimezitazama. Soketi zote za ghorofa ya chini zilikuwa juu ya kiuno changu. Vizingiti vya milango ya nje vilikuwa vimeinuliwa tofali mbili. Nyuma ya kabati la jikoni, mahali ambapo fundi rangi hakuona haja ya kufika, kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

Nikamuuliza dalali. Akanijibu, bila kupepesa macho, kwamba hayo ni mafuriko ya miaka 100, kwa hiyo ndiyo yamepita, tumebakiwa na miaka 90 na ushee. Nakiri kwamba kwa nusu siku hesabu hiyo ilinituliza.

Haimaanishi hivyo. "Mafuriko ya miaka 100" ni maji ya kiwango ambacho kila mwaka kina nafasi ya asilimia 1 kufikiwa au kupitwa, na mwaka uliofuata nafasi ni ileile. Mto hauweki kumbukumbu. Kwa mkopo wa miaka 20, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 18. Kwa miaka 30 ni 26. Na ikiwa nyumba iko chini zaidi, mahali pa maji yenye nafasi 1 kwa 20 kila mwaka, basi ndani ya miaka 20 nafasi inafika asilimia 64, zaidi ya kurusha sarafu.

Nikaomba makadirio ya bima. Kampuni ya kwanza ilikataa mtaa mzima. Ya pili ilitaka mara nne ya ile ya mitaa ya juu, na mafuriko hayamo. Makadirio hayo yalikuwa bure na yalichukua siku moja. Yangetangulia, ile 12 ingekuwa mfukoni.

Utaratibu mpya, kwa mfuatano huu: bima kwanza, kisha kutembelea siku moja baada ya mvua kubwa, kisha kuzungumza na mtu anayepanga pale (mwenye nyumba ana thamani ya kulinda, mpangaji hana), na mkaguzi wa kulipwa awe wa mwisho kabisa.

Kumbe unafuu wa Bondeni ulikuwa umetoka mtoni. Umefutwa. Gharama: 12 iliyopotea, nauli 2.

5 Aprili: Mji Mpya na kigeuzi

Mji Mpya ni nyumba zinazofanana zilizojengwa na mwendelezaji mmoja. Safi, barabara zimepangwa, maji yapo. Kwenye kijitabu cha mauzo kuna shule, zahanati na kituo cha mabasi. Nilikwenda kuvitafuta. Shule ni uwanja wenye bango. Zahanati ni bango. Kituo cha mabasi hakina hata bango. Tumeandika kwenye jalada la daftari kwamba tunahesabu kilichosimama tu.

Bei 2,900, chini ya nyingi. Lakini kuna ada ya huduma ya mtaa, 4 kila mwezi, na mkataba unamruhusu msimamizi kuipandisha kila mwaka. Hapa ndipo tulipopata chombo kilichotusaidia kuliko vyote katika mradi huu. Kwa mkopo wa miaka 20 tuliopigia hesabu ya asilimia 10, kila 1 unayolipa kwa mwezi ni sawa na kukopa takriban 104 zaidi. Tunakiita kigeuzi. Ada ya 4 ni sawa na 414 kwenye bei. Nyumba ya 2,900 ni ya 3,314. Imepita ukomo.

Kigeuzi kinabeba kila kinachojirudia: nauli, maegesho, maji ya kununua, ulinzi. Ukishageuza, mitaa inalinganishwa kwa tarakimu moja badala ya kila mmoja wenu kutetea hisia zake. Kina upungufu mmoja: mkopo una mwisho, nauli na ada hazina. Kwa hiyo kinauonea huruma mtaa wa mbali.

Mji Mpya haujafutwa, umewekwa kando.

19 Aprili: Mwisho wa Lami, kwa ufupi

Nyumba ya 2,450. Dakika 62, imepita ukomo wetu, lakini bei ilitufanya tulegeze. Kigeuzi kikatukaza tena: nauli zetu wawili zinazidi za Relini kwa 6 kwa mwezi, yaani 622. Nafuu ya bei ilikuwa kama 500. William Alonso alilieleza hili mwaka 1964 kwa lugha ya wachumi: bei ya ardhi hushuka kadiri unavyotoka katikati ya mji kwa sababu mnunuzi hukata kwenye bei kile atakachokilipa njiani. Hapa wauzaji hawajakata vya kutosha.

Tulifanya upekuzi wa hati hata hivyo, 2. Aliyekuwa anauza ana karatasi ya makubaliano. Hati ni ya shamba zima ambalo halijagawanywa, kwa jina la marehemu, na warithi hawajakubaliana. Hapo hapahitaji kigeuzi.

Kwa wanaofuatilia kutoka nchi nyingine, ulizeni kwanza daftari lenu la ardhi linamaanisha nini. Katika nchi zinazofuata mfumo ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, kuandikishwa kwenye daftari ndiko umiliki wenyewe. Kwingine, kama sehemu kubwa ya Marekani, daftari huhifadhi tu nyaraka za mauziano, na mnunuzi hukata bima ya hati ili ajikinge.

Umefutwa.

3 Mei: marekebisho ya ukomo wa bei

Ukurasa wa tarehe 11 Januari una kosa. Nimeuacha kama ulivyo ili kosa lionekane.

Kaka wa mume wangu, ambaye ana nyumba yake miaka 12, alilipitia daftari kimya, akafika ukurasa wa ukomo, akaniuliza: "Shemeji, na paa likivuja, mnampigia nani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Mwenye nyu..." Sikumaliza.

Miaka tisa ya kupanga imenifunza kwamba bomba likipasuka ni simu moja. Sikuweka hata senti ya matengenezo. Kipimo cha kienyeji kinachotumika sana ni asilimia 1 ya bei ya nyumba kwa mwaka. Si sheria, nyumba kuukuu hula zaidi. Kwetu, pamoja na bima, tumeweka 3 kwa mwezi. Kwa hiyo kati ya 28, marejesho ni 25. Mkopo unashuka hadi 2,590. Ukomo mpya wa bei ni 2,940.

Wiki hiyo nyumba tano zilitoka kwenye orodha kwa pigo moja. Mji Mpya, pamoja na ile ada yake, umefutwa rasmi. Mume wangu alimwambia kaka yake kwamba safari ijayo aje na habari njema au asije.

17 Mei: jedwali la alama, na jinsi tulivyodanganyana

Imebaki mitaa miwili, Karakana za Zamani na Relini. Nilitengeneza jedwali: safari, shule, usalama, kelele, bei, nafasi, kila moja na uzito wake. Nikajaza. Karakana za Zamani ikashinda. Mume wangu akajaza lake. Relini ikashinda. Tukashangaa, tukayaweka majedwali pamoja, na tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa amerekebisha uzito baada ya kuona jumla. Mimi nilikuwa nimeipa "nafasi" uzito wa 25 dhidi ya "safari" 10, mimi ambaye nimeandika kurasa mbili za malalamiko kuhusu dakika.

Marekebisho mawili. Kwanza, uzito unaandikwa kabla, kila mtu peke yake, kwenye bahasha, kisha unachukuliwa wastani. Pili, mambo yasiyovumilika hayapewi alama kabisa: mafuriko, hati, na dakika zaidi ya 50 ni kizuizi. Jedwali letu la zamani lingeiruhusu Bondeni kushinda kwa sababu ya kivuli cha uani.

Binti yetu naye alipewa bahasha. Aliandika neno moja, "baiskeli". Tulidhani anaomba zawadi. Alimaanisha mahali ambapo anaweza kuendesha bila mtu mzima kumshikia nyuma. Tumeliingiza.

31 Mei: Karakana za Zamani, udongo

Dakika 31, nyumba kubwa, bei 2,700. Wote tulikuwa tunaegemea huku. Safu ya kulia ya daftari ilikuwa imeandikwa "sifa mbaya ya jina tu", na sifa mbaya tungeivumilia.

Mzee mmoja anayekaa pale alituonyesha, kwa fahari kabisa, mahali palipokuwa na gereji, mahali palipokuwa na wapaka rangi, na mahali walipokuwa wanayeyusha betri kuukuu za magari. Pa mwisho palikuwa uzio mmoja na uani kwa nyumba tuliyoitaka.

Betri hizo zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo bado unakua na mikono haiishi kuingia mdomoni. Tuna mmoja wa aina hiyo. Kipimo cha maabara kiligharimu 3 kwa sampuli nne. Majibu: tatu za chini, moja ya kona ya uzio juu sana. Maabara ilitushauri tuondoe udongo wa juu na kuleta mwingine. Fundi alikadiria 90, ukuta wa jirani ukiruhusu.

Tungeweza kulipa 90. Lakini kona moja yenye majibu mabaya kati ya nne ina maana sijui hali ya kona ya tano. Kwa familia isiyo na mtoto mdogo, na ua ukisakafiwa, huenda mtaa huu ukafaa kabisa. Hapa unafuu unamuumiza mtu mahususi, na huyo mtu analala chumbani kwetu.

21 Juni: siku kumi Relini

Badala ya kutembelea tena, tulipanga chumba Relini kwa siku kumi na kuhamia sote wanne na mabegi. Gharama 11, ghali kuliko kitu chochote isipokuwa ukaguzi, na singeiondoa.

Tuliyoyajua kwa kulala pale: safari mbaya kuliko zote dakika 47. Maji hukatika Jumatano. Mtaa hauna maegesho, njia za ndani ni nyembamba kiasi kwamba gari likiingia lazima lirudi kinyumenyume, na ndiyo maana wenye magari hawanunui pale. Sisi hatuna gari. Kwa sababu hiyohiyo, saa 10 jioni njia zinajaa watoto, na binti yetu siku ya tatu alikuwa ameazima baiskeli ya mtu.

Na saa 8 usiku hupita treni ya mizigo. Hakuna dalali aliyeitaja na hatukuwahi kutembelea saa hiyo. Usiku wa kwanza mdogo aliamka akilia, mume wangu alikaa kitandani kama aliyeitwa jina. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza kelele za reli za usiku, kwa wastani, zisizidi desibeli 44. Programu ya simu si kipimo cha mahakamani, lakini kwa kulinganisha inatosha: nilitembea nayo usiku nne mfululizo, mume wangu akinisindikiza huku anapiga miayo. Safu ya kwanza ya nyumba, inayotazama reli, ni mbaya. Safu ya tatu, nyuma ya maduka ya ghorofa mbili, nilisoma karibu desibeli 20 pungufu. Ukuta mrefu usio na tundu unafanya kazi kuliko umbali.

Bei ya safu ya tatu si tofauti sana na ya kwanza. Jina la mtaa limeishusha yote. Kwa mara ya kwanza safu ya kulia ya daftari ina majibu tunayoweza kuishi nayo: hakuna maegesho, na treni ambayo inawapigia kelele wengine zaidi yetu.

5 Julai: kanuni ya asilimia 37

Kosa la mwisho kubwa, na la kujitakia. Nilisoma kwamba ukitafuta kilicho bora kati ya vitu vinavyokuja kimoja kimoja, utazame asilimia 37 ya kwanza bila kuchukua, kisha uchukue cha kwanza kinachoishinda hiyo yote. Hisabati yake ni sahihi. Nilikadiria nyumba 14 zitauzwa Relini mwaka huu, kwa hiyo tano za kwanza ni za kutazama. Ya nne ilikuwa safu ya tatu, 2,820, paa zima. Nikatazama. Ikauzwa kwa mwalimu baada ya siku sita.

Kanuni ile inadhani huna habari yoyote ya awali na kwamba chochote kisicho bora kuliko vyote ni sawa na kushindwa. Sisi tulikuwa na miezi tisa ya habari kwenye daftari. Tumeiacha. Sasa kuna karatasi moja mlangoni: safu ya tatu au nyuma zaidi, vyumba vitatu, hati safi, chini ya 2,940. Ikitimiza, tunatoa ofa siku hiyohiyo. Mume wangu hajasema "nilikwambia". Anapiga tu mluzi tukipita mbele ya ile nyumba.

9 Agosti: imepatikana

Nyumba ya saba. Safu ya nne, 2,960 ya kutajwa. Tulifuata mfuatano: bima (bei ya kawaida), mvua (pakavu), mpangaji wa jirani (alilalamikia Jumatano tu), upekuzi wa hati (safi, 2), mkaguzi (12). Mkaguzi alikuta mabati ya upande mmoja yameisha, makadirio ya fundi 75. Tulipeleka karatasi ya makadirio kwa muuzaji badala ya maneno. Ameshusha 60. Tumekubaliana 2,900.

Mkopo 2,550. Marejesho kwa riba ya leo ni 21.3, riba ikifika asilimia 10 itakuwa 24.6. Bado iko chini ya 25.

Gharama za kutafuta, zote pamoja: nauli 15 kwa miezi yote, ukaguzi uliopotea Bondeni 12, chumba cha siku kumi 11, udongo 3, upekuzi mara mbili 4, ukaguzi wa mwisho 12. Jumla 57, na siku sita za likizo. Kati ya hizo, 12 ndiyo niliyoitupa. Gharama za kununua tulizotenga 250 zimefika 271; tulisahau kwamba mthamini wa benki analipwa na mkopaji. Tofauti imetoka kwenye ile 33 ya miezi ya mazoezi.

20 Septemba: wiki ya tano ndani

Safari mbaya kuliko zote hadi sasa: dakika 49, siku ambayo mimi ndiye niliyechelewa kutoka. Fundi amemaliza mabati kwa 82. Tumenunua pipa la Jumatano. Treni ya saa 8 mdogo haisikii tena, mimi huisikia kwa mbali, na mume wangu bado huamka, hutazama saa, huguna, halafu hulala.